Spika kwanza, amplifaya baadaye

Mjomba wangu alirudi Tanga kutoka London mwaka 1979 na masanduku mawili ya nguo na kasha moja la spika. Ni Rogers LS3/5a, spika ndogo zinazoenea kwenye rafu ya vitabu. Alipofariki, mkewe alinipa mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikishinda kwao kusikiliza santuri za dansi. Ndani ya wiki tatu nikawa nimeunguza twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, ya upande wa kushoto. Iliniuma sana, na nisingependa mwingine apitie hayo.

Amplifaya niliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani pia, ya wati 15 kila upande, nzima kabisa. Nilijiambia kuwa wati 15 haziwezi kuumiza spika yoyote. Siku ya Idi wageni walijaa sebuleni, nikaongeza sauti, muziki ukaanza kukwaruza. Nikadhani ni vumbi kwenye santuri, nikaongeza tena. Kufika jioni, upande mmoja ulikuwa umebaki na besi tu.

Fundi redio niliyempelekea, mzee aliyeanza kazi enzi za redio za mkulima, alipima kwa mita, akanitazama. "Mwanangu, hii imeuawa na uchache wa wati."

Sikumwelewa hadi aliponichorea. Amplifaya ikiombwa kuliko uwezo wake, wimbi la sauti hukatwa kichwa na kuwa bapa. Wimbi lililokatwa hivyo huzaa sauti nyingi kali za juu ambazo hazimo kwenye santuri, na zote huelekea kwenye twita, yenye waya mwembamba kama unywele. Ule mkwaruzo niliousikia ndio ulikuwa onyo.

Kwa nini wati 15 hazikutosha katika sebule ndogo? Sababu ni mbili, na zote zilikuwa kwenye spika. LS3/5a zilibuniwa na BBC katika miaka ya 1970 kwa ajili ya mafundi wanaosikiliza matangazo wakiwa ndani ya gari la kurushia, mahali pasipo na nafasi. Kwanza ni omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme: zile za mwanzo ni za omu 15; za omu 11 zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980. Amplifaya ya transista inayotoa wati 15 kwenye omu 8 itatoa karibu nusu tu ikifungiwa omu 15. Pili, ni spika nzito kuamka. Ukizipa wati 1 na kupima umbali wa mita 1, hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 82 hivi, wakati spika nyingine nyingi za zamani hutoa 90 na zaidi. Kila desibeli 3 za ziada hudai nguvu mara mbili. Kwa hiyo spika ya desibeli 91 yenye wati 10 italingana na ya desibeli 82 iliyopewa wati 80, na LS3/5a hazihimili wati 80. Ni spika za kusikiliza ukiwa karibu, mita mbili hivi, usawa wa masikio. Sauti ya mwimbaji hapo utadhani amekaa kitini mbele yako.

Ndiyo maana nasema: pata spika unazozipenda, zijue, kisha uzitafutie amplifaya. Rafiki yangu aliyeko Leicester alinitafutia Quad 303, iliyoanza kuuzwa mwaka 1967, pamoja na Quad 33, lile boksi la kurekebishia sauti. 303 hutoa wati 45 kwenye omu 8 na kama 28 kwenye omu 16. Kwa LS3/5a hiyo ni saizi yake hasa. Lakini amplifaya hiyohiyo usiifungie spika za omu 4, kama AR-3a za Marekani, ukategemea raha. Spika za namna hiyo hufyonza umeme mwingi, zinahitaji amplifaya yenye transfoma kubwa na isiyotishika na omu chache. NAD 3020 ya mwaka 1978 ilipendwa kwa sababu hiyo: imeandikwa wati 20 tu, ila inazimudu spika ngumu, na nyuma ina swichi ya kulainisha ule ukataji wa mawimbi.

Ukienda kununua spika zisizo na maandishi, beba mita. Ya omu 8 husoma kama 6, ya omu 4 husoma kama 3. Gusa ukingo wa koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika, kwa kidole: wa sponji ukimeguka kama keki, hesabu gharama ya kubadilisha kabla ya kutaja bei. Amplifaya nayo, mwambie fundi apime umeme wa DC, kama ule wa betri, kwenye matundu ya spika kabla hujafunga chochote. Ukizidi milivolti 50, arekebishe kwanza. Kapasita, vile vipande vya kuhifadhia umeme ndani ya amplifaya, zikiwa za miaka 40, kwa joto letu la pwani, usiziamini.

Na zile amplifaya nzuri zinazoshuka na makontena kutoka Japani, geuza usome nyuma. Nyingi ni za volti 100. Bila transfoma ya kushushia umeme wetu wa 230, itakufa kabla hujasikia wimbo mmoja.

Twita yangu ni KEF T27. Ilichukua miezi saba kupata nyingine, na fundi alipima zote mbili kuhakikisha zinalingana kabla ya kuifunga. Sasa kwenye kitufe cha sauti nimeweka alama ya rangi nyeupe, na watoto wote wa nyumbani wanaijua. Siku ya Idi wageni wakitaka kucheza, tunaazima spika za jirani.