Miezi Mitatu Nafuta Mashine Tu, Hii Ndo Kazi Gani?

Maswali ya wasomaji, anajibu fundi aliyekaa miaka mingi kwenye chumba cha vidonge

Shikamoo fundi. Mi ni mwanagenzi kwenye kiwanda cha dawa, upande wa vidonge, nina miezi mitatu. Nilikuja nikijua ntajifunza mashine ila mpaka leo ni kufuta, kuosha na kujaza makaratasi, opareta ndo anashika mashine mi nimesimama pembeni na kitambaa. Niliosoma nao walioenda gereji washafungua injini kibao. Nivumilie au nitafute kwingine? (Mshika Kitambaa)

Marahaba mdogo wangu. Nimecheka, usinielewe vibaya, na mimi nilianza hivyohivyo nikajiona nimedanganywa. Sasa ngoja nikuulize, vumbi la unga kwenye hiyo mashine hujificha wapi? Kama unaweza kunijibu bila kufikiri, kwamba liko chini ya kile kifaa kinachosukuma unga kwenye matundu, kwenye shingo za ponchi (vile vyuma vinavyobana unga uwe kidonge), kwenye mkunjo wa bomba la kufyonzea, basi ushaanza kuijua mashine, manake huwezi kuosha kitu usichojua kinafungukaje.

Afu huko kufuta si usafi wa nyumbani. Mwaka 1941 kule Marekani vidonge vya sulfathiazole, dawa ya kuua bakteria, vilitoka kiwandani vikiwa na phenobarbital ndani yake, dawa ya usingizi na kifafa, na karibu watu 300 wakafa au kudhurika. Hapo ndo serikali yao ikaanza kuangalia dawa inavyotengenezwa, sio kusubiri iishe ndo ipimwe. Mgonjwa akishika kidonge cheupe cha mviringo mkononi hana namna ya kujua kilipita kwenye mashine gani na kabla yake kulipita nini, anayejua ni wewe mwenye kitambaa.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Zamu ya usiku, tunatoa bachi moja, yaani mkupuo mmoja wa dawa, tuingize nyingine, nshasaini kabisa kwamba chumba ni safi, akaja mzee mmoja wa ukaguzi na tochi yake, akapiga magoti (umri ule!), akapitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa trei ya chini akatoka na kidonge cha njano. Kimoja. Bachi inayofuata ilikuwa nyeupe. Hakunigombeza, alikiweka kwenye kiganja changu akasema "utasaini tena ukimaliza", tukaanza usafi upya mpaka alfajiri na hakuna aliyeniongelesha.

Ila kwenye malalamiko yako kuna haki pia. Kwenye dawa hushiki mashine mpaka jina lako liwe kwenye rekodi ya mafunzo ya utaratibu huo, sasa nenda kwa supavaiza umuulize kwa heshima ni taratibu zipi umeshasainiwa na zipi bado, na inayofuata inaanza lini. Hapo ataona uko siriasi. Na siku ya kufungua mashine omba wewe ndo upange ponchi, uziangalie ncha moja moja kama zina mkwaruzo au zimepinda, hiyo kazi opareta wengi hawaipendi watakuachia kwa furaha. Miezi mitatu bado mapema, ila ikifika mwaka hujasainiwa chochote zaidi ya kuosha, hapo tafuta kwingine bila kujiuliza mara mbili.

Fundi, jana niliandika uzito wa vidonge kimakosa, badala ya 602 nikaandika 620. Kaka mmoja mkongwe akaniambia nichane ukurasa niandike mwingine msafi, eti wakaguzi hawapendi uchafu. Nifanyeje? (Mwenye Mwandiko Mbaya)

Usichane! Kaka yako amekosea, tena sana. Piga mstari mmoja juu ya 620 ili bado isomeke, andika 602 pembeni, weka saini yako, tarehe na sababu fupi, "kosa la kuandika". Basi, imeisha. Hakuna tipeksi, hakuna kuikoroga namba isionekane, hakuna penseli. Mkaguzi anayejua kazi akiona rekodi ya bachi ya zamu nzima haina hata mstari mmoja uliokatwa, hapo ndo anavuta kiti akae, manake binadamu gani huyo asiyekosea kwa saa nane nzima za zamu? Ila namba za kurasa zikiruka kwa sababu karatasi moja haipo, hiyo kesi nyingine kabisa.

Kumkatalia mkubwa ni ngumu najua. Mwambie "kaka, mi naogopa kuchana, naomba nikate mstari nisaini, kosa libaki langu". Wengi wanalegea hapo. Na kitu kingine, andika palepale mizani inapotulia, sio kwenye kiganja cha glavu ukahamishie baadaye, wala usijaze kipimo cha saa kumi wakati ni saa tisa na nusu eti kwa sababu uzito haubadiliki. Unabadilika. Kidonge cha miligramu 600 kikiruhusiwa kupanda na kushuka 5% maana yake ni 570 mpaka 630, na unga ukipungua kwenye faneli (chombo cha juu kinachoshushia unga kwenye mashine) namba zinaanza kuyumba taratibu, wewe ndo wa kwanza kuona.

Habari fundi, naruhusiwa kuingia na rangi ya kucha kama navaa glavu juu? (Dada wa Zamu ya Asubuhi)

Hapana dada, glavu zinachanika. Kope za bandia, manukato, pete navyo viache kwenye loka. Na ukiwa na kidonda mkononi au unaharisha sema mapema kabla hujavaa, utapangiwa kazi nyingine nje ya chumba.

Vidonge vyetu vinabanduka juu kama kofia, opareta anaongeza mgandamizo na ndo vinazidi. Kwa nini? (Mtazamaji)

Mara nyingi ni hewa iliyonaswa ndani ya unga, ukibana zaidi inabanwa nayo, kidonge kikitoka inatanuka na kofia inaruka. Mashine ikienda mbio sana hewa haipati muda wa kutoka. Au chembe za unga zimekaushwa kupita kiasi, au unga laini umezidi. Uliza pia walichanganya ile magnesium stearate, unga wa kulainisha, kwa muda gani, inatakiwa dakika chache tu mwishoni, ikizidi inazipaka chembe zote utelezi na hazishikani, tena kidonge kinachelewa kuyeyuka. Mwambie ashushe spidi kwanza, ndani ya mipaka iliyoandikwa kwenye rekodi ya bachi, na vile vilivyobanduka viwekwe kwenye mfuko wenye lebo na vihesabiwe, msivirudishe kwenye faneli hata kama hakuna anayewaona.