Muulize Kocha: Je, tenisi ya wawili wawili ni ya walioshindwa?

SWALI: Kocha, hujambo? Kijana wangu ana miaka 17. Mwalimu wake ameniambia waziwazi kwamba akiwa peke yake uwanjani hatafika mbali, ila kwenye wawili wawili ana kipaji kikubwa. Baba yake amekasirika, anasema huko hukimbilia walioshindwa. Je, mtu anaweza kuishi kwa kazi hiyo? – Mama wa mchezaji, Nakuru

JIBU: Sijambo, mama. Mpe mzee habari za Rohan Bopanna wa India. Katika mchezo wa mmoja mmoja hakuwahi kuingia hata kwenye mia bora duniani. Januari 2024, akiwa na miaka 43, alitwaa Australian Open pamoja na Matthew Ebden, kisha akashika namba moja ya dunia kwa wawili wawili. Hakuna mwanamume aliyewahi kuifikia kwa mara ya kwanza akiwa na umri huo. Tena magoti yake yalikuwa yameisha gegedu, yaani ile tishu laini inayozuia mifupa isisuguane, miaka kadhaa kabla, akayaokoa kwa yoga. Angekuwa anafukuza mipira ya uwanja mzima peke yake, angestaafu zamani.

Ukienda kumtazama kijana, usimwangalie anayeanzisha mpira. Mwangalie mwenzake aliye karibu na neti. Mkono mmoja uko mgongoni, vidole vinaonyesha mpira utue wapi, na kama yeye atavuka kuukatiza au atabaki palepale. Mpinzani akirudisha, huyu ameshahama, na pointi imekwisha kwa pigo moja. Huo ni ustadi kamili, na wapo nyota wakubwa wa mmoja mmoja ambao hawana. Mwalimu akiuona kwa mtoto wa miaka 17, msikilizeni.

Sasa pesa, na hapa sikufichi. Bopanna na Ebden waligawana dola 730,000 za Australia. Jannik Sinner, bingwa wa mmoja mmoja mwaka uleule, alichukua milioni 3.15 peke yake. Huko chini, kwenye mashindano madogo, mgawo wa wawili mara nyingi haufiki hata nauli na hoteli. Vilevile, jozi huingia mashindanoni kwa kujumlisha nafasi za wachezaji wote wawili kwenye orodha ya ubora duniani, na wa mmoja mmoja wanaruhusiwa kutumia nafasi zao za orodha ya huko. Kwa hiyo bingwa wa wawili wawili anaweza kuachwa nje na watu wanaocheza mchezo huo mara chache tu. Mimi naona hilo si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa sababu hiyo asiache mmoja mmoja sasa. Angella Okutoyi alishinda Wimbledon ya wasichana ya wawili wawili mwaka 2022 na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi. Hakuacha mmoja mmoja: mwaka 2024 alichukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Alikwenda pia chuo kikuu cha Auburn, Marekani. Vyuo vya huko hucheza wawili wawili katika kila pambano la timu, kwa hiyo makocha wao huwatafuta vijana wenye kipaji kama cha wako. Anzeni kuwaandikia mwaka huu, na mwambatanishe video inayomwonyesha akiwa netini.