Kabla hujampeleka mzazi kupimwa kumbukumbu

Mzazi akianza kuuliza jambo lile lile kila saa, au akaacha sufuria jikoni mpaka ikaungua, usiseme tu "uzee huo". Wala msianze kutafuta jini gani kampanda. Hapa Tanga hilo ndilo huja kwanza vinywani. Mpelekeni hospitali.

Tazameni kasi ya mabadiliko. Mtu aliyekuwa mzima juzi na leo hamjui mwanawe si wa kusubiri miadi ya mtaalamu wa saikolojia ya ubongo. Apelekwe siku hiyo hiyo: huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka au dawa zimemkorofisha. Demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na ufahamu, kwa kawaida huingia polepole.

Kwa mtaalamu, nenda na habari kamili. Mama yangu hakupita shule. Kasoma chuo cha Kurani, Ngamiani, na Kurani anaisoma vizuri lakini kalamu hajaizoea. Nilipoyaeleza hayo, mtaalamu akaiweka kando karatasi ya kuchora saa. Akamwaga njiti za kiberiti mezani, akapanga umbo: "Bibi, nipangie kama hivi." Kisha akamtaka ataje wanyama wote awakumbukao kwa dakika moja. Vipimo vya namna hii vimefanyiwa utafiti humu humu nchini, wilayani Hai, kwa ajili ya wazee wasiosoma. Alipoulizwa mwezi, mama akajibu, "Mfunguo sita." Kijana aliyekuwa mafunzoni akataka kuandika kosa, mkubwa wake akamzuia, akanigeukia mimi. Mama alipatia. Ndio mwezi wa maulidi kwa kalenda ya Kiislamu, nasi tulikuwa tukijiandaa nayo.

Msindikizaji anyamaze. Wapo watoto wanaomnong'oneza mzazi majibu wakidhani wanamsitiri, kumbe wanaficha ugonjwa. Chukueni miwani, dawa zote hata za miti shamba, na masikio yakaguliwe. Asiyesikia swali huonekana kasahau.

Dawa ya kuuondoa ugonjwa wenyewe haipo, kwa hiyo kazi kubwa iko nyumbani. Ikifika alasiri mama hutaka kwenda kwao Pangani, kwa wazazi wake. Kumwambia wamekufa ni kumpa msiba mpya kila siku. Mimi humuuliza habari za kivuko cha Bweni huku nimemwekea mbuzi na nazi, naye hukuna akisimulia.

Na zamu zigawanywe mapema. Kaka zangu walisema kuogesha ni kazi ya mabinti. Sawa, nauli, nepi na kukesha naye usiku wa Jumamosi vikawa vyao.