Jina mgongoni mwa saa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi fundi saa, Langoni, Lamu. Nimeletewa saa ya ukutani, mgongoni pamechorwa “Birtwistle”. Mwenyewe asema ni ukoo wa kifalme wa London. Kweli?

JIBU: Marahaba, fundi. Hizo porojo, labda ataka bei. Ni jina adimu la Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kaunti iliyovuma kwa viwanda vya pamba. Limetoka kitongoji cha Birtwistle, karibu na Padiham, kilichokwisha kutoweka. Ni kama Mpate kwa Pate, ila hawa kwao hakupo tena. “Twistle” ni panda ya vijito. Hata mji wa Oswaldtwistle, wenye neno hilo hilo, uko jirani. Sensa ya 1881 iliwakuta wengi bado Lancashire. Mtunzi wa muziki Harrison Birtwistle naye alizaliwa Accrington, huko huko Lancashire, 1934.