Maswali Yenu: Sketi ya Tutu, Kutoka Kifundoni Hadi Nyongani

Tangu tuchapishe picha za baleti katika toleo lililopita, maswali kuhusu mavazi yale, hasa tutu, yaani sketi ya neti ya wacheza baleti, hayajakatika. Haya ndiyo tuliyoyachagua.

Katika picha za zamani wacheza baleti wamevaa magauni marefu, lakini siku hizi sketi imelala bapa kama sinia. Nani aliifupisha, na kwa nini? (Mwanafunzi, Dodoma)

Iliyoifupisha ni miguu yenyewe. Baleti ilikulia katika majumba ya wafalme, na mwanzoni waliotamba walikuwa wanaume. Mwaka 1653 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa, akiwa na miaka 14, alicheza kama Jua, amejaa dhahabu na manyoya. Wanawake wa kulipwa walipanda jukwaa la Opera ya Paris mwaka 1681, nao wakavaa kama mabibi wa kasri: gauni zito linalofika chini, kiuno kimebanwa, nyonga zimetanuliwa kwa fremu. Ndani ya vazi hilo utatembea kwa madaha, lakini ukiruka hakuna atakayeona ulichofanya.

Mcheza baleti wa Paris, Marie Camargo, alikuwa na mruko ambao miguu hupishana hewani kwa kasi. Anakumbukwa kwa kupandisha pindo juu ya kifundo ili watu waione miguu ile. Mwenzake Marie Sallé alikwenda mbali zaidi: London, mwaka 1734, aliacha fremu kabisa akacheza amevaa melimeli nyepesi, nywele hazikufungwa. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1832, Marie Taglioni alitokea Paris katika baleti ya *La Sylphide* na sketi nyeupe yenye umbo la kengele, inayoishia katikati ya muundi. Alisimama juu ya ncha za vidole kwa viatu vya satini laini vilivyotiwa nyuzi za kuimarisha mbele, basi. Havikuwa na ncha ngumu kama vya leo.

Goti lilionekana pale Waitaliano walipopeleka ufundi wa mizunguko mjini St. Petersburg. Mwaka 1895 Pierina Legnani alizunguka mara 32 mfululizo juu ya mguu mmoja katika baleti ya *Swan Lake*. Sketi ndefu ingemzonga kabla hajafika nusu. Tutu iliyolala bapa kabisa, yenye waya ndani, ni ya karne ya 20.

Ni kweli kuna mcheza baleti aliyeungua kwa sababu ya sketi, au ni hadithi tu? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli, na hakuwa mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwingereza John Heathcoat alivumbua mashine ya kufuma neti, na kitambaa kilichokuwa cha matajiri kikashuka bei. Wakati huohuo taa za gesi ziliingia kwenye majumba ya maonyesho. Neti nyeupe chini ya gesi iling'aa kama mbalamwezi, na uzuri huo ndio uliowafanya watazamaji waamini kwamba wanaona mizimu na malaika. Lakini neti ni matundu matupu, na kila tabaka lina hewa chini yake. Ikishika moto, huwaka yote kwa mara moja.

Clara Webster alifariki London mwaka 1844 baada ya sketi yake kugusa taa. Emma Livry, aliyekuwa na miaka 20, aliungua katika mazoezi mjini Paris Novemba 1862, akafariki miezi minane baadaye. Dawa ya kuzuia moto ilikuwapo, ila iliifanya neti kuwa ngumu na kuifubaza, na yeye alikuwa ameikataa. Mabaki ya vazi lake yamehifadhiwa katika makumbusho ya Opera ya Paris: vipande vichache tu vilivyokunjamana.

Neti ya nailoni ya leo nayo huyeyuka na kugandia ngozi. Kwa hiyo walimu wanaoandaa maonyesho, tafadhalini, mishumaa halisi isikaribie jukwaa.

Nimepewa kazi ya kushona tutu za shule. Nimetumia neti ya shela, nimeweka marinda mengi, bado sketi inalala kama mwavuli uliofungwa. Nakosea wapi? (Fundi cherehani, Tanga)

Fundi, kosa la kwanza ni neti, na la pili huenda ni mahali ulipoanzia kushona.

Neti ya shela imetengenezwa ianguke. Dukani kata kipande cha sentimita 30, kishike ncha moja kikiwa bapa. Kikiinama, kirudishe. Kikibaki kimenyooka, ndicho. Tutu moja ya mtu mzima yenye tabaka 10 itakula mita 10 hadi 12 za neti yenye upana wa karibu mita 1.4.

Pili, tutu haianzii kiunoni. Inaanzia nyongani, takriban sentimita 10 chini ya kiuno. Kati ya kiuno na mstari huo kuna mkanda mpana wa kitambaa kisichovutika, na ndio unaoibeba sketi. Ukishona marinda kiunoni, nyonga huyasukuma chini, ndiyo maana unaona mwavuli.

Tabaka zote hushonwa juu ya bukta ya kubana. Anza chini karibu na paja na tabaka fupi la sentimita 4, panda sentimita moja hivi, shona linalofuata, kila moja likiwa refu kuliko la chini yake kwa sentimita 3 hadi 4, mpaka la juu lifike sentimita 36 au 38. Kwa mtoto wa miaka 10, la juu liishie kwenye 25. Yale mafupi ya chini usiyapunguze kwa kuwa hayaonekani. Ndiyo nguzo, bila hayo, marefu hayana pa kuegemea.

Ukimaliza, ipindue sketi mezani, bukta ikitazama juu, uunganishe tabaka kwa mkono. Mishono iwe milegevu, uzi uache nafasi ya sentimita moja au mbili kati ya tabaka na tabaka. Ukivuta sana, juu kutatokea vishimo kama vya godoro. Mishono ikiwa michache mno, tabaka zitaachana mtoto akiruka.

Kama unataka sinia kamili, pitisha waya bapa wa chuma katika tabaka la tatu au la nne kutoka juu. Lakini kwa watoto wengi jukwaani tungekushauri uache waya. Pete za waya zikigongana, sketi moja huinuka na kuibeba ya jirani. Mshonaji wa mavazi ya jukwaani, Barbara Karinska, aliliona tatizo hili New York, na mwaka 1950 akashona tutu laini isiyo na waya kwa ajili ya *Symphony in C*, baleti ya mtunzi wa dansi George Balanchine, tabaka sita au saba tu. Hadi leo mtindo wake unashonwa.

Tanga kuna unyevu, nao hulegeza ugumu wa neti. Tutu usizitundike kwa mabega. Zitundike kichwa chini, zimeshikwa kwenye bukta, au zipange bapa moja juu ya nyingine. Usizitie kwenye mashine ya kufulia. Jasho la bitana liondolewe kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha feni.

Binti yangu anajifunza baleti hapa Nairobi. Lazima avae taiti na viatu vya pinki? (Mama, Nairobi)

Hapana, mama, labda shule yake iwe imeagiza hivyo; waulize. Pinki ilikusudiwa kufanana na ngozi ya Wazungu, ili mguu uonekane mstari mmoja kutoka nyongani hadi kidoleni. Kwa mtoto mweusi pinki inaukata mstari huo. Dance Theatre of Harlem, kundi la baleti la Wamarekani weusi mjini New York, waliliona hilo, na katika miaka ya 1970 wakaanza kuvaa taiti na viatu vya rangi ya ngozi ya kila mchezaji. Mwaka 2018 kampuni ya viatu vya dansi ya Freed ya London, pamoja na kundi la Ballet Black, ilianza kuuza viatu vya ncha vya kahawia.

Kama umeshanunua vya pinki, tumia fandesheni ya uso inayolingana na ngozi yake. Lowesha sponji, ikamue mpaka isidondoshe tone, paka safu nyembamba, subiri ikauke, rudia mara mbili au tatu. Sponji isiwe na maji mengi, maana ncha ya kiatu hujengwa kwa vitambaa na gundi, na maji huilainisha. Utepe upakwe pande zote mbili. Usiguse soli.