Maili za ndege kwa anayekwenda China kununua mzigo

Dada, umesema unakwenda Guangzhou kutoka Dar mara nne kwa mwaka kununua bidhaa, kila safari shirika tofauti, ukifuata bei tu. Hapo ndipo unapopoteza. Kwa mfanyabiashara, faida yenyewe ni kilo za mzigo, siyo kiti cha dirishani.

Kwa njia yako ningeshikamana na Ethiopian kupitia Addis Ababa. Jiunge na ShebaMiles, mpango wao wa wateja wa mara kwa mara, ni bure: kila ukisafiri unakusanya maili, yaani pointi. Wako Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, tangu 2011, kwa hiyo maili unazipata hata ukisafiri na Turkish au Air China. Ukikusanya maili za kutosha kufikia daraja la Gold unaongezewa kilo 20, au begi moja pale wanapohesabu mabegi, na unaruhusiwa kupumzika kwenye sebule maalumu. Ukiwa na saa sita za kusubiri usiku, utashukuru sana!

Ila angalia aina ya tiketi kabla hujalipa, maana zile za bei ya chini kabisa huingiza maili chache. Jina nalo lilingane na la pasipoti. Mimi shirika moja lilininyima maili za safari nzima kwa sababu ya herufi moja, na pasi za kupandia ndege nilikuwa nimeshazitupa. Zako zitunze mpaka uone maili zimeingia.