Picha ziko huku, kompyuta iko kule

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Nasomea shahada ya pili, napima mikoko ya hori ya Tudor imepungua kiasi gani. Picha za setilaiti za Landsat ziko tovuti moja, na chuo cha nje kimenipa nafasi kwenye lango lake, yaani tovuti ya kutumia kompyuta zake kubwa kutoka mbali. Nazishusha kwenye laptopu, kisha nazipandisha huko. Bando linakata mwezi haujafika nusu. Hivi malango haya hayaunganiki? – Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Umejigeuza hamali wa data, gunia mgongoni huku meli na ghala zimetazamana!

Yanaunganika. Picha moja ya Landsat hufunika kama kilomita 185 kwa 180. Hori yako ni kijipande tu. Picha hizo siku hizi hupangwa ili programu isome kipande inachokitaka bila kubeba faili zima. Basi fungua daftari la Jupyter (ukurasa wa kuandikia na kuendesha programu) humo humo langoni, utafute picha kwa katalogi ya STAC, orodha ya picha inayotafutika kwa eneo, tarehe na kiasi cha mawingu, halafu uipe programu yako ya Python kiungo cha picha. Seva zitapeana zenyewe, bando lako libebe maandishi tu. Hifadhi ya picha ikidai tokeni, yaani neno la siri la kukufungulia, usiiandike ndani ya daftari. Ukimpa mwenzako daftari, umempa na ufunguo.

Kilichowahi kunitoa jasho mimi si mabomba ya data, ni ramani. Ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali, setilaiti hutumia WGS 84, mfumo wa dunia nzima, na mahali pamoja hutofautiana kama mita 300 baina yao. Nililaza mpaka wa zamani juu ya picha mpya bila kuugeuza, mikoko ikapanda kwenye mabati ya watu. Nami nikaandika kwamba imekatwa! Ramani ya zamani ya huku kwetu iambie programu mfumo wake kwa namba 21037 ya EPSG (orodha ya mifumo ya ramani), ndipo uigeuze. Na usishtuke ukiona namba hasi za mahali kwenye picha: Landsat hutumia UTM (gridi ya ramani inayohesabu kwa mita) ya kaskazini, namba 32637, hata kwetu kusini mwa ikweta.

Kabla ya yote, waandikie wasimamizi wa lango uwaulize kama kompyuta zao za kukokotoa zinaruhusiwa kutoka nje kwenye intaneti. Mara nyingi daftari hutoka, zile kubwa zimefungiwa. Ikiwa ndivyo, vuta vipande kwa daftari kwanza, uviweke kwenye hifadhi ya lango, ndipo utume kazi.